Miwani ya jua: Kinga si weusi wa kioo



Ndugu msomaji, wiki chache zilizopita alinijia kijana mmoja mwendesha bodaboda ambaye kijiwe chake kiko upande wa Faya, pale ambapo Upanga inapakana na Jangwani. Umri wake hauzidi miaka thelathini. Alikuwa analalamika kuwa jicho la kulia linawasha, linatoa machozi na lina wekundu usiokwisha. Nilipomtazama nikaona kinyama kimeota upande wa puani na kimeshaanza kupanda juu ya kioo cha jicho, kikielekea kwenye mboni. Nikamuuliza kama huwa anajikinga na jua na vumbi awapo barabarani. Akatoa mfukoni miwani nyeusi tititi, akasema kwa kujiamini: "Dokta, mimi macho yangu nayalinda. Hii naivaa mwaka wa tano sasa. Nikiivaa jua silioni kabisa."

Nikamwomba anipe ile miwani. Nikaazima kwa mtunza fedha wetu kile kitochi cha mwanga wa zambarau kinachotumika kukagulia noti bandia, nikakimulika kwenye karatasi nyeupe. Karatasi ikang'aa rangi ya buluu. Kisha nikaweka kioo cha ile miwani katikati ya kitochi na karatasi. Karatasi ikaendelea kung'aa! Kijana akanyamaza. Kwa miaka mitano alikuwa amevaa kivuli, hakuvaa kinga.

Kisa hiki ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Watu wengi katika mji wetu, wasomi na wasio wasomi, wanaamini kuwa miwani ikiwa nyeusi zaidi ndiyo inayokinga zaidi. Imani hii si sahihi, na inawagharimu watu macho. Maoni yangu, kama tabibu ninayeona wagonjwa wa namna hii mara kwa mara, ni kwamba kwa jua letu la pwani mtu anayeshinda nje achague miwani ya rangi ya kahawia. Lakini kabla ya rangi yoyote ahakikishe kwanza kuwa kioo kinazuia mionzi. Haya ni mambo mawili tofauti, na nitayaeleza moja baada ya jingine, insha-Allah.

JUA LETU LIKOJE

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Hii ina maana kwamba mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwezi Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Wasomaji watakumbuka kuwa Ramadhani ya mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na waliofunga huku wakisukuma mikokoteni pale Kariakoo wanajua ninachosema.

Mwanga wa jua tunaouona ni sehemu tu ya kile kinachotufikia. Ipo mionzi mingine isiyoonekana kwa macho, ambayo wataalamu huiita mionzi ya urujuanimno, na kwenye lebo za bidhaa huandikwa kwa herufi UV. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kipimo cha ukali wa mionzi hiyo. Kikifika 3 mtu anatakiwa aanze kujikinga, na kikifika 11 na kuendelea kinahesabiwa kuwa ni cha kupindukia. Kwetu sisi tulio karibu na Ikweta, mchana wa jua kali kipimo hufika huko bila tabu. WHO pia inaeleza kuwa karibu asilimia 60 ya mionzi hiyo ya siku nzima hushuka kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Hizo ndizo saa ambazo Mtaa wa Kongo na Msimbazi hujaa watu.

Kuna kanuni nyepesi ambayo haihitaji mashine. Tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, ujue jua ni kali na macho yako yanahitaji hifadhi. Wala usidanganyike na mawingu mepesi, kwa sababu mionzi hupenya humo ilhali joto limepungua na mtu anajiona salama.

Mionzi haitoki juu peke yake. Mchanga mkavu wa ufukweni hurudisha karibu asilimia 15 yake, na povu la bahari karibu asilimia 25. Wavuvi wetu wa Feri na watu wa boti za Kigamboni hupigwa kutoka juu na kutoka chini. Na anayeshinda mjini naye hupigwa na mng'ao wa mabati, vioo vya magari na vioo vya maghorofa haya mapya.

MIONZI INAFANYA NINI JICHONI

Kwanza, huchochea kile kinyama nilichokiona kwa yule kijana. Kinyama hicho si saratani, lakini kikiachwa kinaweza kufunika mboni na kuhitaji upasuaji, na baada ya upasuaji kinaweza kurudi tena.

Pili, huchangia mtoto wa jicho. WHO inakadiria kuwa watu wapatao milioni 15 duniani wamepofuka kwa mtoto wa jicho, na kwamba asilimia 10 kati yao huenda ni kwa sababu ya mionzi hii. Katika utafiti mashuhuri uliochapishwa mwaka 1988, watafiti wa Marekani waliwachunguza wavuvi 838 wa Ghuba ya Chesapeake, jimbo la Maryland. Wale waliopata mionzi mingi zaidi maishani mwao walionekana kuwa na hatari ya kupata aina mojawapo ya mtoto wa jicho zaidi ya mara tatu kuliko wale waliopata kidogo. Kama hali ni hiyo kwa wavuvi wa Maryland, ambako nusu ya mwaka ni baridi, tujiulize ya wavuvi wa Feri.

Tatu, ipo saratani ya utando wa jicho. Ugonjwa huu huonekana zaidi Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia, na jua ni mojawapo ya sababu zake, hasa kwa watu wenye upungufu wa kinga mwilini. Mwanzoni hufanana sana na kinyama cha kawaida. Kwa hiyo uvimbe wowote juu ya jicho unaokua haraka, unaotoa damu au wenye sura isiyo ya kawaida usiufiche kwa miwani. Nenda hospitali.

Ndugu zetu wenye ualbino nao wasisahauliwe. Wao macho yao hayana rangi ya kutosha ya kuzuia mwanga, hivyo jua la kawaida kwao ni mateso. Kwa mtoto mwenye ualbino miwani ya jua na kofia si anasa. Ni vifaa vya shule kama daftari na kalamu.

KWA NINI KAHAWIA

Sasa tuje kwenye rangi. Mwanga wa jua umekusanya rangi nyingi, na miongoni mwazo buluu ndiyo inayotawanyika zaidi hewani. Ndiyo maana mbingu huonekana za buluu. Mtawanyiko huo ndio unaoleta ule ukungu mweupe wa mwanga unaofanya vitu vya mbali vififie mchana wa jua kali. Kioo cha kahawia hupunguza sehemu ya buluu kuliko rangi nyingine. Matokeo yake ni kwamba vitu hujitenga vizuri zaidi na mandhari yake. Shimo barabarani huonekana kuwa shimo, tuta huonekana kuwa tuta, na kamba ya meza ya mmachinga huonekana kabla hujaikanyaga.

Kioo cha kijivu hupunguza rangi zote kwa usawa, kwa hiyo rangi hubaki kama zilivyo. Nacho ni kizuri, hasa kwa mwenye kazi ya kuchagua rangi, kama muuza vitambaa. Vioo vya buluu na vya waridi ni vya mapambo zaidi. Lakini kwa mtu ambaye usalama wake unategemea kuona mashimo na mawimbi, yaani bodaboda, dereva, mvuvi au kuli, mimi nitasema kahawia. Jambo moja azingatie: kahawia hubadilisha rangi kidogo. Akiivaa atazame taa za barabarani, na kama nyekundu na kijani hazitofautiani vyema machoni mwake, basi achukue ya kijivu.

Kuhusu kiwango cha weusi, miwani iliyotengenezwa kwa kufuata viwango hupewa daraja kuanzia 0 hadi 4. Daraja la 2 hupitisha kati ya asilimia 18 na 43 ya mwanga, na linamfaa anayeingia na kutoka kivulini, kama watu wa madukani. Daraja la 3 hupitisha kati ya asilimia 8 na 18, na hilo ndilo la mtu wa juani. Daraja la 4 ni jeusi mno na haliruhusiwi kwa kuendeshea chombo chochote. Ile miwani tititi ambayo vijana wetu wanaisifia, kwa dereva ni hatari. Na ikishaingia magharibi, hata kahawia ivuliwe.

LAKINI RANGI SI KINGA

Hapa ndipo penye kosa kubwa. Rangi hupunguza mwanga unaoonekana. Mionzi isiyoonekana huzuiwa na aina ya kioo chenyewe au dawa iliyowekwa ndani yake. Kipo kioo cheupe kabisa kinachozuia mionzi yote, na kipo cheusi kinachoipitisha. Na hicho cheusi kinaweza kuwa na madhara zaidi kuliko kutovaa kitu. Mtu akiwa juani bila miwani mboni yake hujibana na kope hukunjana. Hiyo ni kinga aliyotujaalia Allah (SW) ndani ya maumbile yetu. Ukiweka giza mbele ya jicho, mboni hutanuka na kope hulegea. Ikiwa kile kioo hakizuii mionzi, umeufungua mlango kwa mikono yako mwenyewe.

Jambo hili la mwanga kuweza kuliumiza jicho wanazuoni wetu walilitafakari zamani. Al-Hasan Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kuandika kitabu kikubwa juu ya elimu ya kuona, alitumia maumivu ambayo jicho huyapata likitazama jua kuwa ni ushahidi kwamba mwanga huingia jichoni na kuliathiri. Karne kumi baadaye bado tunauziana giza tukidhani ni hifadhi!

NAMNA YA KUCHAGUA

Kwanza, tafuta maandishi ya UV400 au asilimia 100 ya kuzuia UV. Lakini kibandiko huchapishwa kirahisi, hivyo kisiwe hoja ya mwisho. Maduka mengi ya miwani yenye wataalamu yana kifaa cha kupima kioo kwa sekunde chache. Omba upimiwe. Kile kipimo cha kitochi cha noti nilichokieleza ni cha kienyeji. Kinaweza kukuonyesha miwani mbaya, lakini hakitoshi kukuthibitishia iliyo nzuri. Na usikitazame kile kitochi kwa jicho.

Pili, bei isikudanganye. Ipo miwani ya bei ndogo yenye vioo vya plastiki ngumu inayozuia mionzi vizuri, na ipo ya bei kubwa unayolipia jina tu.

Tatu, angalia ukubwa na umbo. Mionzi mingi huingia kwa pembeni na kwa juu. Chagua fremu pana, inayokaa karibu na uso na kukunja kidogo kuelekea masikioni.

Nne, kwa wanaofanya kazi majini au barabarani, ipo miwani inayokata mng'ao wa maji na lami. Kuitambua, washa simu yako, itazame kupitia kioo hicho huku ukikizungusha polepole. Skrini nyingi zitafifia au kuwa nyeusi ukifika pembe fulani. Lakini kukata mng'ao si sawa na kuzuia mionzi. Dai vyote viwili.

Tano, vaa na kofia yenye ukingo. Kofia yetu ya viua ni pambo na heshima, lakini haina ukingo, na macho haiyatii kivuli hata kidogo. Anayeshinda juani avae pama au achukue mwavuli. Ndugu zetu wanaokwenda Hijja wazingatie zaidi, maana mwanamume aliye katika ihramu hafuniki kichwa, na jua la Arafa wanalijua waliokwenda. Wamuulize shekhe wao juu ya hukumu ya miwani, kisha waje kwetu tuwaeleze namna ya kuichagua.

Sita, hakuna miwani ya jua ya kutazamia jua lenyewe. Mwaka 2016, Septemba 1, jua lilipopatwa na watu wakakusanyika Rujewa mkoani Mbeya kutazama, ilihitajika miwani maalumu ya kazi hiyo. Ya kahawia haitoshi, wala ya nyeusi.

"HAYO NI MAMBO YA WAHUNI"

Nina ustadhi wangu, aliyenifundisha Qur'an tangu alifu hadi nikahitimu. Alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Ilala hadi Kariakoo kila siku baada ya adhuhuri, miaka na miaka. Nilipoanza kazi nilimpelekea miwani ya kahawia. Akaitazama, akacheka, akanirudishia. Akasema: "Mwanangu, hayo ni mambo ya wahuni na wacheza sinema. Mimi nikiingia darasani na hiyo, watoto wataniheshimu?" Nikanyamaza kwa adabu. Leo najuta kwamba sikumweleza zaidi.

Miaka ikapita, mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili. Sisemi kwamba ni jua peke yake, kwani umri ndio sababu kubwa, na kisukari na sigara navyo vimo. Lakini mwanga aliotembea nao miaka yote ile bila hifadhi haukumsaidia. Kwa karibu miaka miwili alifundisha kwa masikio. Mtoto akikosea herufi alimsahihisha kwa hifdhi yake, lakini uso wa mtoto hakuuona, na msahafu uliokuwa mapajani mwake hakuweza kuusoma. Alhamdulillah, alifanyiwa upasuaji na jicho moja likarudi vizuri, la pili si sana. Sasa huvaa miwani ya kahawia kila atokapo nje, na watoto wanamheshimu vilevile.

Wengine husema: "Mbona babu zetu hawakuvaa, na waliona hadi uzeeni?" Jibu ni kwamba wapo walioona na wapo walioshikwa mkono hadi kaburini, ila hao hatuwataji. Tena babu zetu wengi walikwenda shamba alfajiri, na adhuhuri walikuwa chini ya mwembe. Mmachinga wa leo hana mwembe, na saa ya adhuhuri ndiyo saa ya wateja wake.

USAFI WA MIWANI

Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam, Wizara ya Afya ikatahadharisha umma kuwa ni wa kirusi na unaambukiza. Nilichokiona mimi mwenyewe mitaani ni watu kuficha macho kwa miwani na kisha kuazimana miwani hiyohiyo. Miwani haizuii kirusi. Ukiazimana na mwenye macho mekundu umejipelekea ugonjwa. Vilevile ile miwani iliyopangwa kwenye ubao wa muuzaji imepita kwenye nyuso nyingi. Ukiinunua ioshe kwa maji na sabuni kabla ya kuivaa. Usiifute kwa pindo la kanzu au kanga yenye vumbi, kwa sababu vumbi hukwangua kioo. Na mtoto usimvalishe miwani ya kuchezea. Macho yake hupitisha mionzi zaidi kuliko ya mtu mzima, hivyo kivuli na kofia ndivyo vitangulie.

RAI YANGU

Kwa wafanyabiashara wa Kariakoo: mnajua kuwa kuuza kitu kwa sifa isiyokuwa nayo ni ghushi. Kibandiko cha UV400 kwenye kioo ambacho hujui kinazuia nini ni kama kupunja mizani, na anayepunjwa hapa anapunjwa jicho. Muulizeni anayewauzia kwa jumla, na mpime mzigo kabla ya kuutandaza. Shirika la Viwango (TBS) nalo liitazame bidhaa hii kama linavyozitazama nyingine.

Kwa viongozi wa vijiwe vya bodaboda na vyama vya wavuvi: mnachangiana misiba na harusi. Changianeni pia kununua miwani iliyopimwa, kwa jumla bei itashuka.

Kwa wewe msomaji: ukifikisha miaka 40 pima macho hata kama huumwi. Ukiwa na jicho linalouma kwenye mwanga, lenye wekundu na kuona ukungu, usilifunike kwa kioo cha rangi yoyote. Njoo tulitazame.

Yule kijana wa Faya tulimwandikia rufaa kwa daktari wa macho, na miwani yake mpya ni ya kahawia, imepimwa. Ile nyeusi alitaka kumpa mdogo wake. Nikamwomba aivunje mbele yangu, na aliivunja.

Wabillahi tawfiiq.